Uwanja wa mjini huanzia nje ya geti

Mchoro wa uwanja mpya ukitolewa, macho yote huenda kwenye paa na viti. La kutazama kwanza ni mitaa inayouzunguka.

Chukua uwanja wa watu 60,000, ukubwa wa Benjamin Mkapa pale Temeke. Mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza unataka majukwaa yawe yametoa watu ndani ya dakika 8. Kila mita moja ya upana inahesabiwa kupitisha watu 82 kwa dakika kwenye sakafu tambarare, 66 kwenye ngazi. Maana yake watu 7,500 kila dakika: ngazi zenye jumla ya mita 114 za upana, mageti mita 92. Wengi wakifika hapo hufunga daftari.

Sasa watu wako nje. Tuseme kuna mitaa minne, kila mmoja mita 6. Yote kwa pamoja inapitisha watu 1,968 kwa dakika, kwa hiyo dakika ya 8 watu zaidi ya 44,000 bado wamesimama getini. Ukiwahesabia watu wawili kwa mita ya mraba, mtoto asibanwe, unahitaji eneo wazi la mita za mraba 22,000, yaani kama viwanja vitatu vya kuchezea. Meza za wauza jezi zikila mita moja na nusu kila upande, mtaa unabaki mita 3 na muda wa kutawanyika unakuwa maradufu. Machinga wasifukuzwe, watengewe sehemu yao kwenye mchoro tangu mwanzo, maana watakuja tu.

Vituo vya daladala navyo visirundikwe mlangoni. London, kituo cha treni cha Holloway Road, jirani kabisa na uwanja wa Arsenal, hufungwa mechi inapoisha ili umati ugawanyike kwenda vituo vingine.

Na mageti yafunguke kwa nje, yasiwe na kizingiti wala nguzo katikati, yasitiwe kufuli watu wakiwa ndani. Accra, 9 Mei 2001, polisi walirusha mabomu ya machozi, mashabiki wakakimbilia mageti yaliyofungwa, walikufa 126. Malang, Indonesia, Oktoba 2022, mabomu tena, milango myembamba tena: 135.

AFCON ya 2027 inakuja kwetu. Anayeidhinisha mchoro adai upana wa kila geti uandikwe kwa mita, kisha ujenzi ukiisha aende na tepu akaupime mwenyewe.