Grindhouse: mikwaruzo ya kununua, hatari ya kweli

Wikendi ya Pasaka ya mwaka 2007 kuliripotiwa kioja katika majumba ya sinema ya Marekani: baadhi ya watazamaji walinyanyuka katikati ya Grindhouse wakaenda zao, wakidhani imekwisha. Walikuwa wameona majina ya mwisho ya Planet Terror ya Robert Rodriguez, na hawakujua kwamba tiketi ileile ilikuwa na filamu nyingine nzima, Death Proof ya Quentin Tarantino. Jumla ni dakika 191, pamoja na matangazo ya filamu ambazo hazikuwepo. Wikendi hiyo ziliingia kama dola milioni 11.6, na hadi inaondolewa kwenye kumbi za Marekani ilikuwa imefikisha takriban milioni 25, ilhali kuitengeneza kulikula zaidi ya milioni 50. Kwingineko duniani wasambazaji hawakutaka kubahatisha. Nchi nyingi zikapelekewa filamu mbili mbalimbali, kila moja na tiketi yake.

Mabishano hayajaisha tangu hapo. Wapo wanaosema ilikuwa heshima ya dhati kwa sinema zilizodharauliwa, ikaangushwa na soko lisilojua historia. Wengine wanasema ni matajiri wawili waliovaa matambara wapigwe picha. Kila upande una hoja, ila tatizo ni kwamba wote huihukumu Grindhouse kama kitu kimoja, wakati filamu zake mbili zimeelewa mambo tofauti kabisa kuhusu hicho wanachokienzi.

Jina lenyewe lilikuwa la kumbi za bei chee zilizozungusha filamu mfululizo, mchana na usiku. Zilizovuma zaidi zilipangana kwenye Mtaa wa 42, New York. Miaka ya 1960 na 1970 ndiko ulikokwenda kuona vitu ambavyo kampuni kubwa za Hollywood zisingevigusa: damu ya ndoo kama ya Blood Feast ya Herschell Gordon Lewis (1963), uchi, magari yanayosagana, karate za Hong Kong, mashujaa weusi wenye bunduki. Kopi za filamu zilikuwa chache na zilizunguka mji hadi mji. Mkanda ukikatika, mwendesha projekta anakata palipoharibika na kuunga. Kila kiungo kinaondoka na sekunde zake, na anayekuja kuitazama miezi baadaye anaona mtu akianza sentensi chumbani na kuimalizia barabarani. Kisha video ikawafuata watu majumbani, na miaka ya 1990 Mtaa wa 42 ukasafishwa, Disney wakaingia.

Sehemu ya shehena hiyo ilifika hadi kwetu. Kung fu na filamu za mashujaa weusi zilijaza watu Dar es Salaam miaka ya 1970, na uwanja wa Drive-in pale Msasani ulikuwa palepale ulipo ubalozi wa Marekani leo. Kwa hiyo Mswahili wa rika fulani, aliyezoea steringi anayeruka ukuta kwenye picha iliyojaa chenga, hahitaji somo refu ili aelewe wanaume hawa wawili walikuwa wanakumbuka nini.

Hoja ya wapinzani huanzia kwenye mikwaruzo. Rodriguez alipiga Planet Terror kwa kamera za kidijitali, picha safi kama kioo, kisha akaichafua kwa kompyuta: mistari, madoa, rangi iliyopauka, mkanda unaoonekana kuungua. Katika sinema za zamani uchafu ule ulikuwa kovu la umaskini. The Texas Chain Saw Massacre, iliyotoka mwaka 1974, ilipigwa huko huko Texas kwenye joto kali, kwa fedha zisizofika dola laki mbili, na ile karamu ya kutisha mezani ilikuwa na nyama iliyokuwa inaoza kweli. Unaitazama unahisi harufu. Hakuna aliyekaa kupanga hali ile. Ilitokea kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Sasa mtu mwenye mamilioni akikaa mbele ya kompyuta kuchagua doa likae wapi, anaenzi nini hasa?

Swali hilo ni zito, na watetezi wengi hulikwepa kwa kusema "ni burudani tu". Jibu bora limo ndani ya filamu yenyewe. Kuna mahali Planet Terror inafika kwenye penzi la wahusika wake wakuu, Cherry na El Wray, joto linapanda, mkanda unaungua, na yanatokea maandishi ya kuomba radhi kwamba kipande kimoja cha filamu hakipo. Tukirudi, ule mgahawa wa nyama choma unawaka moto, watu wamejazana, na polisi mkuu aliyekuwa akimshuku El Wray muda wote sasa anamheshimu kwa sababu amekwisha kuambiwa yeye ni nani hasa. Sisi hatukuambiwa na hatutaambiwa kamwe. Rodriguez ameruka sehemu nzima ambayo mwandishi mvivu angeijaza maelezo, na ukumbi unacheka kwa sababu kila mtu anajua sehemu zile zilivyo za kuchosha. Huo si urembo wa juujuu. Amechukua kasoro ya zamani akaifanya chombo cha kusimulia.

Ila ukitoa utani ule, kilichobaki ni filamu ya mazombi iliyo nadhifu mno kwa vurugu inazojidai nazo. Rose McGowan, anayecheza Cherry, anakatwa mguu, anafungwa bunduki mahali pake, na mguu wake halisi unafutwa kwa kompyuta. Inafurahisha, nakubali. Tom Savini, fundi wa vipodozi vya kutisha wa Dawn of the Dead ya 1978, amepewa nafasi ndogo ya polisi anayeng'atwa kidole, na wapenzi wa sinema hizi wanapiga makofi. Lakini hakuna wakati wowote unapoogopa. Kila mlipuko unakukonyeza.

Death Proof ndiyo watu wengi waliichukia, na malalamiko yao yana msingi: wasichana wanakaa baa ya Austin, wanaongea, wanaongea tena, na waliokuja kuona magari wanaanza kuangalia saa. Hata Tarantino mwenyewe baadaye aliitaja kuwa ya mwisho kwa ubora kati ya filamu zake. Mimi nipo upande wa wachache. Maongezi yale yana kazi. Mike, dereva wa matukio ya hatari anayechezwa na Kurt Russell, anapokuja kuwagonga kwa makusudi usiku, ajali inarudiwa mara nne, mara moja kwa kila msichana, na tunaona kila mwili unavyoharibika. Sinema za zamani zilikuwa zikiua wasichana kwa mafungu. Hapa umelazimishwa kukaa nao muda wote ule, kwa hiyo hupati nafasi ya kushangilia.

Halafu inakuja nusu ya pili, mikwaruzo inapungua sana, na Zoë Bell, aliyekuwa akichukua nafasi ya mwigizaji Uma Thurman kwenye matukio ya hatari ya Kill Bill, filamu nyingine ya Tarantino, anacheza kama yeye mwenyewe. Anapanda juu ya boneti ya Dodge Challenger nyeupe ya 1970, ameshika mikanda miwili tu ya kiunoni iliyofungwa kwenye milango, gari likiwa kasi na wenzake wakiwa ndani. Mike anaanza kuwagonga kwa nyuma. Mikanda inaponyoka, na mwanamke yule anateleza huku na huku juu ya bati, mikono ikitafuta pa kushika. Uso ni wake na mwili ni wake. Hapa hakuna kovu la kununua. Tarantino ameelewa kwamba kilichowapeleka watu Mtaa wa 42 ni ule wasiwasi kwamba mtu anaweza kuumia kweli mbele ya macho yao, na huo hauwekwi kwa kompyuta.

Je, kuzitenganisha kulikuwa sahihi? Kibiashara pengine, lakini tazama kilichotokea. Kwenye toleo la Marekani, Death Proof nayo ina kipande "kilichopotea": Butterfly, mmoja wa wasichana wa ile baa, yuko tayari kumchezea Mike dansi aliloahidiwa, na mkanda unaruka. Filamu ilipopelekwa peke yake, ikashindanishwa kwenye tamasha la Cannes mwaka huohuo, ilirefushwa na dansi likarudishwa. Utani ukafa. Kinachoshangaza ni kwamba sehemu ya Grindhouse iliyoishi maisha marefu zaidi ni yale matangazo ya uongo: Machete ikawa filamu kamili mwaka 2010, na Thanksgiving ya Eli Roth ikafuata mwaka 2023.

Linabaki suala la wanawake, ambalo watetezi hulipita haraka kuliko inavyofaa. Ni kweli sinema zile zilimpa Pam Grier bunduki na hasira mwaka 1973 katika Coffy, wakati Hollywood haikuwa na nafasi ya namna hiyo kwa mwanamke mweusi. Ni kweli pia ziliuza miili ya wanawake kama nyama buchani, na Grindhouse imerithi vyote viwili. Kamera ya Tarantino haibanduki miguuni pa wasichana wake, kisha wasichana wengine wanamfuata Mike na kumpiga hadi analia. Ukiitazama sasa kuna uzito zaidi. Kampuni iliyoitoa ilikuwa ya ndugu wawili, Harvey na Bob Weinstein, na mwaka 2017 McGowan alikuwa miongoni mwa wanawake waliomtuhumu hadharani Harvey Weinstein kwa ubakaji, tuhuma ambazo yeye amezikana. Mwaka 2018 Uma Thurman naye alisimulia alivyoumia akiendesha gari kwenye Kill Bill, gari ambalo hakutaka kuliendesha na Tarantino akamshinikiza. Tarantino alikiri kujuta.

Hili linaigusa moja kwa moja sifa niliyoimwaga hapo juu. Nimesema hatari ya kweli ndiyo inayoibeba Death Proof, na bado nasema hivyo. Lakini Bell alikuwa fundi wa kazi ile, aliyeizoea na kulipwa kwa ajili yake, na Thurman alikuwa mwigizaji aliyesukumwa. Kwenye skrini tofauti hiyo haionekani hata kidogo. Inabidi uijue kutoka nje ya filamu, na katika zile za zamani za Mtaa wa 42, mara nyingi hakuna aliyewahi kuuliza.