Mhunzi Kanisani: Je, Aston Webb Alirejesha Jengo au Alilichagulia Historia?

Katika kanisa la St Bartholomew-the-Great, mtaani Smithfield jijini London, jicho hufikia nguzo kabla ya kitu kingine chochote. Ni za duara, nene, tena fupi kwa unene wake, na juu yake yamekaa matao ya nusu duara yasiyo na mbwembwe nyingi. Huo ndio mtindo wa Kiromaneski, ambao Waingereza huuita wa Kinormani kwa kuwa ulistawi kwao baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066. Kanisa lilianzishwa mwaka 1123 na Rahere, mtu wa nyumba ya mfalme Henry wa Kwanza, kwa ajili ya watawa wa Mtakatifu Augustino walioongozwa na priori. Pamoja nalo alianzisha hospitali, ambayo hadi leo inatibu wagonjwa pale pale jirani.

Hata hivyo, sehemu ya kile kinachoonekana leo si ya karne ya 12. Ni kazi ya msanifu Aston Webb, aliyelikarabati kanisa hili katika miaka ya 1880 na 1890, na ubishi kuhusu kazi yake haujapoteza uzito.

Mfalme Henry wa Nane alizifunga nyumba za watawa nchini, na hii ilifungwa mwaka 1539. Mali yake ikanunuliwa na Richard Rich, mmoja wa wakubwa wa serikali ya mfalme. Ukumbi mkuu wa upande wa magharibi ulibomolewa, na mahali pake pakawa makaburi. Sehemu ya mashariki, ambamo watawa walikuwa wakiimba sala zao, iliachwa iwe kanisa la parokia. Vyumba vingine vikapata wenyewe wapya. Kikanisa cha Bikira Maria, nyuma ya altare, kiligeuzwa kuwa makazi, kisha kiwanda cha uchapaji, ambamo inaelezwa kuwa Benjamin Franklin alifanya kazi akiwa kijana mwaka 1725. Baadaye kikawa kiwanda cha matamvua ya mapazia na nguo, na ghorofa yake ya juu ikasogezwa mbele mpaka ikaning'inia ndani ya kanisa, juu ya altare, ikishikiliwa na nguzo za chuma. Upande wa kaskazini, katika mkono mmoja wa jengo, ambalo lina umbo la msalaba, mhunzi alikuwa na karakana yake.

Wanaomtetea Webb wana hoja nzito. Parokia haikuwa ikitafuta pambo. Ilitaka mahali pa kusalia ambapo padri hatashindana na nyundo ya mhunzi wala mitambo ya kiwanda. Majengo hayo yalinunuliwa, hayakunyang'anywa. Isitoshe, Webb hakujaribu kumdanganya mtu kila mahali. Mikono ya msalaba aliyoijenga upya, ambayo ya kusini ilifunguliwa mwaka 1891 na ya kaskazini mwaka 1893, ina sura ya nje ya gumegume na mawe meupe, ambayo mwenye macho hawezi kuidhania kuwa ya wakati wa Rahere. Hilo ni jambo la kumsifia.

Upande wa pili unasimama juu ya msimamo wa William Morris, msanii na mwandishi Mwingereza, aliyeanzisha chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877 baada ya kuchukizwa na mpango wa kulikarabati kanisa la abasia (nyumba ya watawa) ya Tewkesbury, nalo la Kiromaneski. Morris alishikilia kwamba jengo la kale lilindwe lisiporomoke, lisirudishwe katika hali ambayo msanifu anaikisia, kwa kuwa kila anayerudisha karne moja hufuta karne nyingine. Kwa kipimo hicho, mahali penye utata zaidi ni ncha ya mashariki. Karibu na mwaka 1405 ncha ya nusu duara ilikuwa imekatwa na kuwekwa ukuta ulionyooka. Juhudi za kuirudisha zilianza miaka ya 1860, na Webb akazikamilisha mwaka 1886. Hapo mgeni huona duara zuri la matao na kuamini kwamba lote limedumu tangu mwanzo.

Mimi naona hoja ya Morris ina nguvu zaidi, lakini si kwa sababu aliyoipa uzito yeye. Wazo la kurudi kwenye asili linakwama ndani ya kanisa lenyewe. Ukisimama kwenye njia panda ya msalaba na kutazama juu, utaona kwamba matao ya mashariki na magharibi ni ya mviringo, ilhali ya kaskazini na kusini yamechongoka. Pande hizo mbili ni nyembamba zaidi, na waashi walitaka matao yote yafikie kimo kimoja, hivyo wakatumia umbo ambalo baadaye lingekuwa alama ya mtindo wa Kigothi. Safu ya madirisha ya juu ni ya mwanzoni mwa karne ya 15. Hata sanamu iliyolala juu ya kaburi la Rahere, aliyefariki katika miaka ya 1140, ni ya wakati huo. Kwenye roshani ya kusini kuna dirisha lililotokeza la Priori Bolton, la karne ya 16, lenye mshale uliochoma pipa, fumbo la jina lake: kwa Kiingereza mshale ni "bolt" na pipa ni "tun".

Yote hayo Webb aliyaacha, na alifanya vema. Basi kilichoondolewa si nyongeza kwa ujumla, bali nyongeza za watu fulani: za mapriori zilibaki, za mhunzi na washona matamvua zikaondoka. Sisemi kiwanda kingeachwa juu ya altare. Hakuna parokia ambayo ingevumilia hilo. Nasema uamuzi huo ulihusu hadhi kuliko usanifu, na ulistahili kuelezwa hivyo. Inafaa kukumbuka pia kwamba historia ndefu ya kanisa hili, iliyochapishwa mwaka 1921, iliandikwa na Edward, ndugu yake msanifu mwenyewe.

Ushahidi mwingine uko langoni. Juu ya mlango wa mawe wa karne ya 13, uliosalia kutoka ukumbi uliobomolewa, kuna nyumba ya mbao ya mwaka 1595, ambayo sura yake ilikuwa imefichwa mpaka bomu la Zeppelin, chombo cha angani cha Wajerumani, lilipoanguka jirani mwaka 1915 na kuifunua. Kwa kanuni iliyotumika ndani, nyumba hiyo ni nyongeza ya mtu wa kawaida juu ya kazi ya watawa. Lakini ilikuwa ya kale na ya kupendeza, kwa hiyo Webb yule yule akaikarabati.