Hiyo 504 Haijafufuliwa, Imepakwa Rangi

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mtoto wa jirani yangu kwenda Tabata kuangalia gari. Tangu aliponieleza kwenye simu nilikuwa na furaha: Peugeot 504 saluni, nyeupe, gia kwenye usukani, na mwenye nayo anasema ameifufua yote, bodi, siti, waya, kila kitu. Kijana ana miaka 26. Wenzake wanawaza Crown na Mark X, yeye anataka gari ambalo aina yake ilianza kuuzwa mwaka 1968. Nikaona nimepata mwenzangu.

Tuliikuta chini ya mwembe, inang'aa mpaka matawi yanaonekana kwenye boneti. Mimi hutembea na kipande cha sumaku nilichotoa kwenye spika iliyokufa, nimekifunga kitambaa kisikwaruze rangi. Nikakigusisha kwenye paa, kikanasa. Mlango wa nyuma, sehemu ya juu, kikanasa. Nikashuka nacho taratibu hadi chini ya mlango, kikaanguka mchangani. Juu ya tairi, kikaanguka tena. Hapo chini ya rangi sumaku haikukuta chuma, ilikuta fila nene, ule mkandiko wa kuzibia mashimo ya bodi. Nikamwomba mwenye gari ruhusa, nikainua kapeti mpya upande wa dereva. Chini yake kulikuwa na sponji iliyolowa chapachapa, na chini ya sponji bati la kuezekea limepigwa ripiti kuziba tundu. Nikalisukuma kwa kidole gumba, likabonyea.

Nimekasirika tangu siku ile. Hasira hiyo si ya muuzaji peke yake, na fundi aliyeipaka rangi simlaumu hata kidogo. Nawalaumu wenye magari, mimi nikiwemo, kwa sababu sisi ndio tunaolipia mng'ao.

Marehemu baba alikuwa na 504. Aliinunua ikiwa imeshatumika, na sababu yake aliisema kila alipopata mgeni: 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikarudia mwaka 1978, na barabara zetu ndizo hizo hizo. Baada ya msiba ilikaa nyuma ya nyumba miaka mingi. Mwaka 2011 nikaipeleka kwa fundi wa bodi Ilala, na swali langu la kwanza lilikuwa: rangi inatoka lini? Ilitoka baada ya wiki tatu. Mama alilia alipoiona. Masika iliyofuata rangi ikaota malengelenge juu ya tairi za nyuma na chini ya milango yote minne, na nilipotumbua moja kwa ukucha yakatoka maji ya kahawia.

Nilirudi gereji na maneno mengi. Fundi hakunibishia. "Bosi, kukata bati najua, nimefundishwa na mzee wangu. Lakini mteja akija anauliza rangi tu. Nikimwambia tukate kwanza, anahamia kwa jirani." Nilikosa la kumjibu. Huyo mteja aliyekuwa anamsema alikuwa mimi.

Kutu inataka hewa na maji, na chumvi inaiongezea kasi. Sisi wa Kigamboni tunaijua chumvi, inakula hadi nondo za madirisha. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huinua rangi kutoka chini hata kama rangi yenyewe ni ya bei mbaya. Fila nayo ina unga unaonyonya unyevu. Ukiikandika juu ya kutu, umeiwekea kutu sifongo la kunywea maji, tena umeifunika isionekane mpaka imalize kula.

Kwa hiyo gari livuliwe nguo kwanza. Toa siti, kapeti, vioo, na ile mikeka ya lami iliyoganda sakafuni, kwa maana chini yake ndiko maji yanakolala. Chukua bisibisi bapa, gonga kwa mpini kizingiti cha mlango kuanzia mbele hadi nyuma. Bati zima linalia. Lililooza linatoa sauti ya boksi la karatasi, na ncha ya bisibisi inazama. Hapo panakatwa, na unaendelea kukata mpaka ukutane na bati jeupe, hata kama tundu lililokuwa la ukubwa wa shilingi limekuwa la sahani. Kiraka kiwe bati la geji 20, karibu milimita 0.9, siyo geji 30, ile nyembamba ya kuezekea vibanda. Kichomelewe nukta kwa nukta huku unapisha lipoe, maana joto linakunja bati. Mashine ya kuchomelea mageti ikae mbali, itakuongezea matundu. Kisha asidi ya fosforiki ya kuua mabaki ya kutu, kisha praima ya epoksi, ile rangi ya msingi, siku hiyo hiyo, kwa sababu kwa hewa ya hapa bati tupu likilala wazi usiku mmoja linaamka limeanza kuwa la kahawia.

Na milango! Kila mlango uliotoka kiwandani una matundu madogo kwenye ukingo wa chini. Maji ya mvua huteremka kwenye kioo, hupita kwenye mpira, huingia ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu yale. Ndivyo ulivyotengenezwa. Sasa fundi wa haraka anakandika fila ukingo wote, anapiga msasa hadi panakuwa laini kama yai, na matundu yamezibwa. Kuanzia siku hiyo mlango ni ndoo. Nilipoifungua 504 ya baba mara ya pili, nilichukua msumari nikazibua tundu la mlango wa abiria. Maji yalitiririka kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, na hapakuwa na mvua wiki nzima. Mlango ule nilijuta kuupoteza. Baba ndiye aliyekuwa akinifungulia nikienda shule.

Nakubali, shingo upande, kwamba fila ina kazi yake: utando mwembamba juu ya bati safi, kusawazisha alama za nyundo. Nakubali pia kukata kunakula pesa, na mwenye kusomesha watoto hawezi kufanya yote kwa mara moja. Basi afanye kizingiti kimoja mwaka huu, gari likae na praima ya kijivu bila aibu. Kipi cha kuficha?

Rangi yenyewe isubiri kipupwe, Juni hadi Agosti. Unyevu wa masika hugeuza baadhi ya rangi kuwa na ukungu kama maziwa. Siti wapelekee mafundi wa sofa Keko, mshono wao ni mzuri.

Waya nisiziache. Umeme mwingi unaoitwa mbovu kwenye magari haya ni athi tu, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi: waya umefungwa kwa nati juu ya bodi yenye kutu, taa inafifia, mtu ananunua betri mpya. Kwangua hadi bati jeupe, funga, paka grisi. Lakini kama waya zimekatwakatwa na kila aliyewahi kufunga redio, zitoe zote, moja moja, kila moja na karatasi yake ya jina. Waya wa taa ya nyuma ya baba niliuchuna: shaba ndani imekuwa ya kijani, na nilipoikunja ilikatika kama njiti ya kiberiti. Juu yake plastiki ilikuwa nzima kabisa. Hilo la plastiki nzima liliniuma kuliko kutu yote. Weka waya mpya wa unene ule ule au zaidi, kila njia na fyuzi yake, na rilei, swichi ndogo inayowashwa kwa umeme, kwenye taa kubwa ili umeme wote usipite kwenye swichi ya usukani.

Gari la baba lilinichukua miezi 14 mara ya pili. Halijaota lengelenge hata moja.

Kijana hakununua siku ile. Jana usiku akapiga simu. "Shikamoo mjomba. Yule mzee amekubali kushusha, anasema sasa ananiuzia kama gari la kutengeneza. Niichukue?" Nikamuuliza kama ana mahali pasiponyeshewa kwa mwaka mzima. Akasema shangazi yake Mbagala ana banda. Nikamwambia aichukue, Jumamosi tunaanza kutoa siti. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza bati la geji 20 pale Gerezani wanauza kwa kipande au lazima ununue zima.