Mzazi Naye Apewe Daftari

Shangazi yangu aliuza maharage gengeni kwa miaka mingi, na sikumbuki siku aliyokosea chenji. Alipima kwa kopo au kwa kisado, akajumlisha kichwani bei ya maharage na ya fungu la nyanya, akarudisha salio mteja akiwa bado anafunga mfuko wake. Lakini mwanawe wa mwisho alipoleta daftari lenye maneno ya mwalimu kwa wino mwekundu, na chini yake mstari wa sahihi ya mzazi, shangazi alilishika kwa ncha za vidole kama kitu cha kuazima, akaligeuza huku na huku, kisha akamwambia, "Mwite dada yako." Dada akasoma, dada huyo huyo akatia sahihi, na mwalimu akaridhika kwamba mzazi anafuatilia maendeleo ya mtoto.

Ninamkumbuka kila ninaposikia kwenye vikao vya shule kwamba wazazi hawashirikiani na walimu. Ushirikiano unaodaiwa hapo ni wa kusoma na kuandika, na anayedaiwa wakati mwingine hakuwahi kufundishwa herufi hata moja. Maoni yangu ni kwamba madarasa ya watu wazima na yale ya watoto wanaoanza kusoma yasiendelee kupita kila moja njia yake. Ziwepo saa maalumu ambazo mzazi na mtoto wanafundishwa pamoja, kwa mpango unaoeleweka na mwalimu aliyeandaliwa kwa kazi hiyo.

Tanzania hatuanzii patupu. Sensa ya mwaka 1967 ilionesha kwamba takribani watu wazima wawili kati ya watatu hawakujua kusoma; Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia mwaka 1986 serikali ilikuwa ikisema kwamba wasiojua kusoma ni takribani asilimia 10 tu. Vitabu vya madarasa hayo ya watu wazima, yaliyoitwa kisomo chenye manufaa, vilizungumzia pamba, migomba na uvuvi, yaani mambo ambayo msomaji aliyaacha shambani au ziwani asubuhi ile ile. Jambo moja tu halikutiliwa maanani. Madarasa mengi yalifanyika alasiri katika majengo ya shule za msingi, kwa hiyo mama aliweza kuketi kwenye dawati ambalo mwanawe aliliacha mchana, akasoma kitabu kingine, kwa mwalimu mwingine, na usiku nyumbani wawili hao wasiwe na ukurasa mmoja wa kuufungua pamoja.

Majirani zetu Uganda wamelijaribu hilo. Shirika la kisomo la LABE, lililoanzishwa mwaka 1989, liliendesha katika wilaya ya Bugiri mpango wa elimu ya msingi kwa familia ambamo wazazi walikuwa na masomo yao wenyewe, kisha wakawa na vipindi vya kuketi na watoto wao shuleni, na yaliyofundishwa yakaendelezwa nyumbani. Mzazi aliyekwisha kukaa darasani na kuona jinsi mtoto anavyofundishwa hababaiki tena na daftari likifika mezani.

Hata hivyo, kuwaketisha pamoja kunahitaji busara, na hapa ndipo ninapowatilia shaka wanaodhani kwamba inatosha mtoto amfundishe mama yake. Mtu mzima anayesahihishwa na mwanawe mbele ya majirani atarudi mara moja au mbili, kisha atapata udhuru wa msiba, wa palizi, wa mgeni, na hatumwoni tena. Jina lenyewe la ngumbaru, walilopewa watu wazima wanaojifunza kusoma na ambalo watu walilitamka kwa kucheka, liliwafukuza wengi kuliko ugumu wa herufi. Mzazi aingie darasani akiwa na kitu chake cha kutoa. Asimulie hadithi au atege kitendawili anachokijua, mwezeshaji ayaandike maneno yake ubaoni kama yalivyotoka kinywani, kisha mama na mtoto wayasome pamoja, mama akibashiri kwa sababu maneno ni yake na mtoto akitambua herufi kwa sababu amezizoea shuleni. Katika hesabu mambo yanageuka: shangazi angewafundisha darasa zima kutoa kwa kukopa, tena bila kalamu.

Nakubali kwamba gharama ipo. Kisomo cha zamani kilidhoofika kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba walimu wa kujitolea walilipwa posho ndogo, tena kwa kuchelewa. Mpango mpya ukianza kwa kumtwika mwalimu wa darasa la kwanza saa nyingine bila malipo, hautamaliza mwaka. Vipindi navyo vifuate msimu, maana wakati wa kupanda hakuna atakayekuja. Kuhusu akina baba, ambao mara nyingi huonekana shuleni siku za michango tu, ningeanza na kipindi kimoja cha Jumamosi, mada ikiwa risiti, mizani na bei ya mazao.

Na mstari ule wa sahihi ningeufuta kwanza. Mahali pake pawe na nafasi tupu ya mistari mitatu, mzazi amtamkie mtoto alichokifanya siku hiyo, mtoto aandike, na mwalimu asahihishe kesho yake: "Leo mama ameuza vikopo tisa. Kimoja amekopesha."