CT ikisema hakuna saratani kwenye utando wa mapafu, kwa nini daktari bado anataka kinyama?

Mgonjwa ana maji kifuani, CT (picha ya eksirei inayoonesha mwili tabaka kwa tabaka) imepigwa, ripoti inasema haioneshi saratani. Halafu daktari anasema bado anataka kuchukua kinyama, kipande kidogo cha kupima maabara, kwenye pleura, yaani utando unaofunika mapafu. Familia inauliza: sasa picha tumeilipia ya nini? Swali ni la haki. CT ni ghali, na hakuna anayependa kutobolewa mbavuni bure.

CT yenyewe si ya kubezwa. Mwaka 1990 Leung, Müller na Miller walichambua picha za wagonjwa 74 wenye ugonjwa wa pleura, 39 kati yao wakiwa na saratani. Utando ulionenepa kulizunguka pafu lote ulionekana kwa wenye saratani peke yao. Vinundu, unene unaozidi sentimita 1, na utando kunenepa hadi upande wa moyo navyo vilielekeza huko mara nyingi.

Tatizo ni kwamba ile dalili ya kwanza isiyosingizia, ya utando kulizunguka pafu lote, ilikuwepo kwa asilimia 41 tu ya wenye saratani, wagonjwa 16 kati ya 39. Hata dalili zote nne zikitumika pamoja, 11 walipita bila kunaswa. Ikionekana, inasema kweli. Isipoonekana, haijasema kitu.

Utafiti wa Oxford wa mwaka 2015 unatisha zaidi. Wagonjwa 370 waliingiziwa kamera kifuani na kuchukuliwa kinyama, kisha majibu yakalinganishwa na ripoti zao za CT. Kati ya kila wagonjwa 100 ambao CT iliwasafisha, takriban 35 walikuwa na saratani. Kweli, hao walikuwa wameshashukiwa, kwa hiyo takwimu hii haimhusu kila mwenye maji kifuani. Lakini anayeambiwa achukuliwe kinyama naye ameshashukiwa. Nani angerudi nyumbani ametulia kwa hesabu hiyo?

Kwetu kuna TB, inayojaza maji kifuani na kunenepesha utando vilevile. Hata PET, picha inayoonesha sehemu za mwili zinazotumia sukari nyingi, ambayo wengi huidhani ndiyo mwisho wa ubishi, huwaka kwa TB kama inavyowaka kwa saratani. Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za TB kwa kukisia anaweza kupoteza miezi huku uvimbe ukikua.

Binafsi naona kosa ni kuishindanisha picha na sindano ya kuchukulia kinyama. Mwaka 2003, huko Uingereza, wagonjwa 50 walioshukiwa saratani, ambao vipimo vya maji ya kifuani havikuonesha kitu, waligawanywa makundi mawili. Sindano ya kubahatisha ilinasa saratani kwa asilimia 47. Iliyoongozwa na CT, asilimia 87. Picha ile ile ambayo familia inaona imelipiwa bure ndiyo inayomwonesha daktari pa kuchoma, na mara nyingi ultrasaundi, ya bei nafuu, inatosha kwa kazi hiyo.