Jiwe Letu Limeitiwa Kikao

Nina miaka 47. Nimeshakaa vikao vya harusi, vya misiba, vya mfuko wa kuzikana, na kikao kimoja cha kumjadili jogoo aliyekuwa anawika saa saba usiku. Kikao cha jiwe sikuwahi kukiona. Nimekiona mwaka huu, tena kwenye njia ninayopita kila siku, nami nimeshikilia baiskeli yenye gunia la viazi, nasubiri wajumbe wamalize hoja wanipishe.

Sisi tunakaa juu huku milima ya Uporoto, viazi vinakostawi kuliko adabu. Kutoka mashambani mpaka kule chini barabarani, yanakopakia malori, kuna kijia kimoja tu. Wazee walikikata moja kwa moja kama kamba, bila kona, nadhani aliyekuwa mbele alikuwa na njaa. Kina mizizi ya mikaratusi, kina korongo, na katikati ya mteremko kulikuwa na jiwe jeusi la volkano, ukubwa wake kama ndama aliyelala. Jiwe hilo limenivunjia spoku sijui ngapi. Mwaka mmoja lilinimwagia gunia zima, viazi vikabingirika mpaka shambani kwa jirani, na jirani mpaka leo anaapa kwamba vilijiotea.

Nikisema gunia naomba nieleweke, nasema lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi wa viazi akifika mia ndiyo kwanza anakunja mikono ya shati. Gunia linashonewa kilemba juu, likikaa kwenye keria linakuwa refu kuliko mimi. Kwa hiyo kwenye mteremko ule sipandi, nasukuma kwa kurudi nyuma, navuta baiskeli isinitangulie, kama mtu anayemzuia ng'ombe asiende harusini. Miaka 19 sasa.

Basi Jumamosi moja vijana wa mjini, wa ule mchezo wa kuendesha baiskeli milimani, wakatufikia. Baiskeli zao zilikuwa zimepanda gari. Nilisimama nikatazama, maana tangu nizaliwe najua baiskeli ndiyo inayobeba. Wakazishusha taratibu kama wagonjwa, wakavaa helmeti, wakavaa ngao za magoti, wakavaa nguo za kubana ambazo mama mkwe akikuona nazo unarudishiwa mahari. Baiskeli ina shokomzoba mbele na nyuma. Breki zina mafuta kama za gari. Mimi nina Phoenix, breki yangu ya nyuma ni kipande cha kandambili kilichofungwa kwa waya. Nikamuuliza kijana mmoja bei ya yake. Akanitajia. Nikamwomba arudie polepole, maana nilidhani amenipa namba ya simu.

Mwanzoni hakukuwa na shida. "Shikamoo mzee, njia yenu tamu kweli!" Marahaba. Tamu? Njia hii imeitwa majina mengi, mengine siwezi kuyasema mbele ya watoto, lakini tamu ilikuwa mara ya kwanza.

Kisha wakagawanyika. Kundi moja likasema jiwe litolewe, mizizi ikatwe, korongo lifukiwe, njia ilainike, hata mtoto na mtu anayejifunza wapite, wageni waje, sisi tuuze chai. Msemaji wao kijana mwenye helmeti nyekundu. Kundi la pili likasema mwiko. Njia ya asili haiguswi, jiwe ndilo linalomfundisha mpandaji, ukilitoa umemdanganya mwanafunzi kwa kumpa majibu. Huyo alikuwa jamaa mwembamba, ndevu nyingi. "Anayeshindwa," akasema, "ashuke asukume!" Nikataka kunyoosha mkono nimwambie chuo hicho cha kusukuma nimesoma miaka 19 na cheti sijaletewa.

Lakini Ndevu alikuwa na maneno matamu. Akasimulia kwamba mchezo wao ulikua Marekani, huko Marin, California, miaka ya 1970. Vijana walichukua baiskeli kuukuu, nzito, zenye breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume, wakaziachia milimani. Wakifika chini, grisi ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, imeungua, inatoka moshi, lazima wafungue wapake upya ndipo wapande tena. Mteremko mmoja wakauita Repack kwa sababu hiyohiyo ya kupaka grisi upya. Nikasema sasa mnaongea! Hao ni ndugu zangu kabisa. Nikamwonyesha kandambili yangu, bado ilikuwa inanuka. Akasema ilipofika 1996 mchezo ukaingia Olimpiki, pale Atlanta. Miaka ishirini tu kutoka moshi wa grisi mpaka medali. Mimi na miaka yangu 19 nina kovu la goti.

Nyekundu naye akasimama. Akasema huko hukohuko Marekani siku hizi kuna njia zimechongwa kwa mashine, kona zimeinuliwa ukingo kama bakuli, watu wanalipa kuingia. Na njia zinawekewa alama: duara la kijani kwa anayeanza, mraba wa bluu kwa aliyezoea, almasi nyeusi kwa njia ngumu. Akaligonga jiwe letu kwa kiatu. "Hapa sasa, wazee wangu, hapa ni almasi nyeusi. Tena mbili!"

Jioni nikamhadithia mke wangu, nacheka peke yangu. Yeye hakucheka. Akauliza, "Amesema mbili?" Nikamweleza kwamba ni alama tu, ni kibao. Akaniambia, "Baba, nani anaweka kibao mahali pasipo na kitu?" Akajitanda khanga akaenda kuazima chumvi. Chumvi ilikuwepo.

Tukirudi kwenye kikao, wakafikia muafaka wa majaribio: walainishe kipande cha chini kwanza, jiwe kubwa libaki mpaka lipigiwe kura. Jumamosi moja, majembe, sururu, vijana wetu wakapewa soda, ikatoka njia nyororo kama paji la uso la bwana harusi. Jumatatu nikashuka na lumbesa yangu. Jiwe nililivuka salama, nikaingia kwenye ule ulaini, na hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka yote ile breki yangu haikuwa kandambili. Breki yangu ilikuwa mawe.

Baiskeli ilininyang'anya mikono, nikaona bora nirukie juu kuliko iende peke yake. Nilimwamkia mwenyekiti wa kitongoji nikiwa karibu na mti wa parachichi, "marahaba" yake ikanikuta nimeshapita mashine ya kusaga. Kandambili ikaungua, nikasikia harufu, nikawakumbuka wale ndugu zangu wa California. Tukaishia, mimi na viazi, ndani ya bustani ya mama mmoja. Kabichi kumi na moja. Alihesabu hadi zile mbili zilizokuwa zimeoza tangu wiki iliyopita.

Na ubaya haukuja peke yake. Bodaboda wakasikia njia imelainika, sasa ni honi asubuhi mpaka usiku, kuku wamekonda kwa presha. Mvua za Novemba zilipoanza, nayo maji yakaona hapa ndipo. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano, mwepesi, ukiunyima mizizi na mawe unaondoka wenyewe. Wiki mbili tu kipande kile kikawa mfereji, ukisimama ndani watu wanakuona kuanzia kifuani.

Ndevu alikuja akatazama kwa furaha ya mtu aliyetabiri msiba. Akatufundisha kanuni, kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa mlima inapopita, ukizidi hapo maji yanaifanya barabara yao. Nyekundu akajibu kwamba kosa si kulainisha, kosa ni kulainisha vibaya, njia ingeinamishwa kidogo upande wa bondeni maji yangeivuka tu yakaenda zake. Nikiwasikiliza naona wote wana haki. Ila wenye haki wote walirudi mjini na gari, mimi nikabaki na deni la kabichi.

Kilichonichoma hasa ni hilo neno lao, asili. Njia ya asili! Gogo la kuvukia korongo nililiweka mimi, likabebwa na mafuriko, nikaweka lingine. Ngazi za pale penye utelezi alichimba marehemu baba yangu. Mizizi ile imeshapunguzwa kwa panga na kila mwenye mguu uliowahi kujikwaa. Tungeacha kupita miezi sita tu, magugu yangeimeza. Halafu anakuja mtu na ngao za magoti anasema tusiiguse. Katika vikao vyote vile hakuna aliyeniuliza, "Mzee, wewe unaonaje?" Waliniuliza maji ya kunywa yanapatikana wapi.

Siku ya kura ikafika. Magari mawili, wajumbe wamejaa, Nyekundu na karatasi, Ndevu na hotuba. Tukapanda wote. Jiwe hakuna. Kuna shimo, majivu ya moto, na vumbi jeusi. Mtu yeyote wa huku angejua kilichotokea: jiwe limewashiwa moto mkali usiku, likamwagiwa maji ya baridi, likapasuka, nyundo zikamaliza. Wao hawakujua. Ndevu akamgeukia Nyekundu akamwita muuaji. Nyekundu akasema ninyi ndio mmelificha ili tukose kura. Walikaribia kupigana na helmeti kichwani, sijui wangepigana wapi. Ndevu akachuchumaa, akaweka kiganja shimoni kama anamfunika mtu macho.

"Mzee, wewe unapita hapa kila siku. Hukuona kitu?"

Sikuona. Nisingeweza kuona, usiku ule nilikuwa nimelala, ni mke wangu ndiye aliyechelewa kurudi kwenye kikundi cha vikoba. Almasi hawakupata, ndani jiwe lilikuwa jeusi vilevile kama nje. Wenzake wa vikoba wakalaani wakaenda kulala. Yeye akasema kokoto za bure haziachwi mvuani, akazisomba ndoo kwa ndoo, akaita fundi. Choo chetu kilikuwa na sakafu ya magogo tangu mtoto wa kwanza.

Wiki tatu baadaye wale vijana wakapita nyumba kwa nyumba, bado wanatafuta aliyeliua jiwe. Kwangu wakakaribishwa viazi vya kuchemsha. Ndevu akala, akainama, akaninong'oneza akiomba kujisaidia. Nikamwonyesha. Mke wangu akaacha kumenya. Akakaa huko ndani muda mrefu kidogo, mimi nahesabu pumzi.

Akatoka anafuta mikono kwenye suruali yake ya kubana.

"Mzee, hongera. Sakafu mmeilainisha vizuri sana."

"Ndaga, asante, mwanangu," nikamwambia. "Ongeza kiazi."