Aliyekata lami alipe kiasi gani?

Hoja yenyewe iko hivi: kampuni ikikata lami ipitishe bomba au faiba (waya wa intaneti), isiishie kufukia na kuziba kiraka, ilipe na hela ya juu kwa sababu barabara imepunguziwa umri. Wengi wakisikia wanadhani ni faini. Sio faini jamani, faini anapigwa aliyekosea, hii analipa hata aliyefuata taratibu zote na kibali anacho mkononi, na ubishi wote umelala hapo.

Kiufundi wanaotaka walipe wana hoja nzito. Uzito wa magari unabebwa na tabaka za chini zilizoshindiliwa, lami ni ya juu tu. Sasa ukichimba mtaro katikati, udongo wa pembeni ambao hujaugusa unakosa kitu kilichokuwa kinaubana, unalegea kuelekea kwenye shimo, kwa hiyo sehemu iliyoumia inakua pana kuliko mtaro wenyewe hata kama umefukia vizuri. Na kufukia vizuri kwenyewe ni kwa nadra. Pita mtaa wowote wa Dar baada ya masika ukaangalie kiraka cha mwaka jana, kimezama kidogo, maji yametuama, halafu angalia nje ya kiraka, kwenye lami ambayo hakuna aliyeikata, utaona ufa mwembamba unaenda sambamba na mtaro. Msimu unaofuata ufa umeshakua shimo na bajaji zinalikwepa kwa kuhamia upande wa wenzao. Huo ufa nani anaulipia? Mkandarasi alishakabidhi kazi na kuondoka zamani.

San Francisco walianza kutoza kitu kama hiki mwishoni mwa miaka ya 90, unalipia kwa ukubwa wa eneo ulilokata, barabara ikiwa mpya unalipa zaidi na ikizeeka kiwango kinashuka. Na iliyotoka kuwekwa lami haikatwi hovyo kwa miaka 5. Mi hiki kipengele cha umri ndo nakipenda, maana kinamfanya mtu wa bomba ajiulize kwa nini asichimbe kabla lami haijamwagwa.

Ila kampuni nazo sio kwamba zinalalamika tu. Wanasema tumerudisha barabara kwa kiwango mlichotupa nyie wenyewe, mkakagua mkapokea, sasa mnadai tena hela ya nini? Na barabara zetu zinakufa kwa mengi, malori yaliyozidisha mzigo, mitaro ya maji ya mvua iliyojaa taka, lami nyembamba tangu siku ya kwanza, utajuaje asilimia ngapi ni ya mtaro wa faiba? Hata Marekani mwaka 2018 tume ya mawasiliano, FCC, iliziambia serikali za miji kwamba tozo kwa kampuni za mawasiliano zikaribiane na gharama halisi, sio kukadiria tu kwa sababu mji una shida ya pesa. Mtu akija na kiwango hapa bila kupima barabara zetu wenyewe, na udongo wetu na mvua zetu, atabishiwa na atashindwa.

Kwetu kuna lingine. Mitaani barabara ni za TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini, maji ya Dar ni DAWASA, umeme TANESCO. Serikali inaidai serikali. Na bei za maji na umeme zinapita EWURA, mdhibiti wa bei hizo, kwa hiyo tozo ikishaingia kwenye gharama za uendeshaji siku moja utaikuta kwenye bili yako, wewe ambaye tangu 2021 unakatwa shilingi 100 ya ziada kwenye kila lita ya mafuta kwa ajili ya hizo hizo barabara za TARURA. Wanaotetea watasema gharama ipo tayari, tunabadilisha tu mlipaji, sawa, lakini mlipaji mpya anaweza kuwa mama wa Mbagala asiye na gari anayengoja bomba livuke barabara limfikie. Kwa kampuni binafsi ya faiba inayofuata wateja wenye hela sina huruma hiyo, hao walipe.

Bomba lililopasuka je? Ukisema dharura isilipiwe, ambayo ni haki kabisa, jiandae kila kazi iitwe dharura, watu wanajuana. Hapo naona dhamana ya kiraka inasaidia kuliko tozo. Uingereza aliyechimba anawajibika na kiraka chake miaka 2, mtaro ukiwa wa kina kirefu miaka 3, kikizama anarudi kwa hela yake. London tangu 2012 wanatoza mpaka pauni 2,500 kwa siku kwa kuziba njia zenye msongamano, ila hiyo unalipia muda uliokaa barabarani, haihusu uharibifu, tusichanganye.

Kwa hiyo mi niko upande wa kutoza, kwa lami mpya na kazi zilizopangwa, hela ikae mfuko wake na irudi kwenye mtaa uliokatwa. Lakini TARURA nao wabanwe. Mara ngapi lami inamwagwa, mwezi unaofuata watu wa maji wanakuja na msumeno wa kukatia lami, ukiuliza unaambiwa hawakujua kama kuna mradi? Kama mwenye barabara hakuwatumia ratiba wenye mabomba na nyaya, tuseme miezi sita kabla, tozo ya barabara hiyo ifutwe, na akitengeneza upya aweke mabomba matupu ya kuvukia ili anayekuja na faiba apenyeze waya bila kugusa lami. Asipoyaweka, asimdai mtu hela ya kukata.